Namba Iliyo Chini ya Mstari

Nilipoanza kusafisha data za tasnifu yangu ya uzamivu, safu iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya elimu ya mama. Kila mzazi aliyejifungua hospitalini alipaswa kuwa na tarakimu moja pale: 0 kwa asiyesoma, 1 kwa aliyemaliza shule ya msingi, 2 kwa sekondari, 3 kwa zaidi ya hapo. Lakini katika mistari mingi ilikaa namba 99, ambayo katika lugha ya madodoso maana yake ni kwamba jibu halipo. Nilifanya kile ambacho wanafunzi wengi hufanya, na ambacho programu nyingi za takwimu hukifanya zenyewe hata bila kumwuliza mtumiaji: niliiondoa mistari yenye 99 nikaendelea na iliyobaki. Matokeo yalitoka safi. Pengo la vifo vya watoto wachanga kati ya akina mama waliosoma na wasiosoma lilionekana, ila lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia, na mimi nikaandika sura nzima nikieleza kwa nini ni dogo.

Msimamizi wangu aliirudisha sura hiyo baada ya wiki mbili. Hakugusa utangulizi wala mjadala. Pembeni mwa jedwali la kwanza, mahali nilipoonyesha idadi ya waliochambuliwa, alikuwa ameandika kwa penseli: "Wengine wamekwenda wapi?"

Nimeishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka miwili sasa. Ninaliandikia kwa sababu nimefika mahali pa kuamini kwamba, kwa yeyote anayechunguza tofauti za afya kati ya makundi ya watu, hakuna mbinu ya uchambuzi inayoweza kumwokoa asipolijibu kwanza.

Tulipofundishwa sehemu katika hesabu za shule tuliambiwa kwamba namba iliyo juu ya mstari ni kiasi, na iliyo chini ni asili. Epidemiolojia yote, yaani elimu ya kuchunguza magonjwa na vifo katika jamii, imejengwa juu ya mstari huo. Kiasi ni waliougua au waliofariki. Asili ni watu wote ambao wangeweza kuugua au kufariki katika muda huohuo. Hospitali inakijua kiasi, kwa kuwa wagonjwa huja wenyewe au huletwa. Asili haiji. Asili hufuatwa nyumba kwa nyumba, au husakwa katika sensa na rejista, na inapokuwa na mapungufu hakuna kengele inayolia, maana sehemu itaendelea kukokotoleka na jibu litaendelea kutoka. Ninalipenda neno lenyewe, asili, kwa sababu kuuliza nani yumo chini ya mstari ni kuuliza takwimu hii imetoka wapi.

John Snow, daktari Mwingereza aliyechunguza kipindupindu, anakumbukwa kwa pampu ya maji ya Broad Street, London, mwaka 1854, na kwa mpini wake ulioondolewa ili watu wasichote tena maji yake. Ni kisa kizuri, lakini kwangu mimi mwanafunzi kazi yake kubwa zaidi ya mwaka ule ilifanyika kusini mwa mto Thames, ambako kampuni mbili za maji zilikuwa zimepitisha mabomba katika mitaa ileile. Southwark and Vauxhall ilichota maji Battersea, mahali ambapo mto ulikuwa umekwisha kupokea uchafu wa jiji. Lambeth ilikuwa imehamisha mtambo wake mwaka 1852 hadi Thames Ditton, juu zaidi ya mto, mbali na uchafu huo. Nyumba moja ilipata maji ya kampuni hii na ya jirani ikapata ya kampuni ile, za matajiri kwa za maskini, kubwa kwa ndogo, bila wakazi kuchagua. Ofisi ya takwimu alimofanya kazi mwanatakwimu William Farr ilimpatia Snow anwani za waliokufa kwa kipindupindu, naye akaenda mlango kwa mlango kuuliza maji ya nyumba yanatoka kampuni gani. Wapangaji wengi hawakujua, maana bili ya maji ililipwa na mwenye nyumba.

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa sababu hakuandika 99. Alichukua maji kidogo katika kichupa, akatia nitreti ya fedha, kemikali inayoonyesha chumvi iliyomo majini. Maji ya Battersea, ambako maji ya bahari hupanda na kushuka na mto, yalikuwa na chumvi takriban mara 40 zaidi ya yale ya Thames Ditton, kwa hiyo yaligeuka meupe kama maziwa papo hapo, ilhali yale mengine yalifunikwa na ukungu mwembamba tu. Kile ambacho mwenye kuulizwa hakuweza kukisema, maji yalikisema. Kisha akatafuta asili: katika taarifa zilizowasilishwa Bungeni alipata kwamba Southwark and Vauxhall ilihudumia nyumba 40,046 na Lambeth nyumba 26,107. Katika wiki saba za mwanzo za mlipuko, nyumba za kampuni ya kwanza zilikuwa na vifo 1,263 na za pili vifo 98, yaani vifo 315 dhidi ya 37 kwa kila nyumba 10,000. Bila namba za nyumba, mtu angeweza kudai kwamba kampuni ya kwanza ina vifo vingi kwa sababu tu ina wateja wengi, na mjadala ungeishia hapo.

Waliotangulia katika uchunguzi wa pengo la afya kati ya maskini na matajiri walifanya kazi ya namna hiyohiyo. Louis-René Villermé, daktari Mfaransa, katika miaka ya 1820 alilinganisha vifo vya wilaya za Paris na ukaribu wa mto Seine, mwelekeo wa upepo na msongamano wa watu, asione uhusiano ulioshikika. Kilichokwenda sambamba na vifo kilikuwa umaskini, ambao aliupima kwa sehemu ya nyumba zilizosamehewa kodi. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alikwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 1896 na 1897 alihamia mtaa wa Seventh Ward huko Philadelphia, Marekani, akatembelea mwenyewe takriban kaya 2,500 za watu weusi, akiuliza umri, kazi, kodi ya nyumba, magonjwa, idadi ya vyumba na watu waliolala ndani yake. Wakati huo wasomi wengi walisema bila aibu kwamba watu weusi hufa zaidi kwa sababu ya maumbile yao. Kitabu alichokichapisha mwaka 1899 kilionyesha kwamba vifo vile vilifuata nyumba mbovu, kazi ngumu yenye ujira duni na ukosefu wa huduma. Ninapofikiria idadi hiyo ya milango, iliyobishwa na mtu mmoja, ninaona aibu kwa jinsi nilivyoifuta mistari yangu kwa amri moja ya kompyuta.

Baada ya kurudishiwa sura niliomba ruhusa ya kuyaona madaftari yenyewe, yale ya karatasi ambamo data zangu zilinakiliwa. Chumba cha kumbukumbu kilikuwa chini ya ngazi, na aliyekitunza alikuwa mama mtu mzima ambaye alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Majina yalikuwa yamefunikwa kwa ukanda wa karatasi kama kamati ya maadili ilivyoagiza, kwa hiyo nilichokiona ni tarakimu na miandiko. Jambo la kwanza lililonivuta ni miandiko hiyo. Kurasa za mchana ziliandikwa na mkono mmoja uliotulia, kila kisanduku kimejazwa. Za usiku zilikuwa na miandiko mitatu hadi minne inayopanda na kushuka. Visanduku vya elimu, kazi na makazi vilikuwa vitupu, ilhali saa ya kujifungua, uzito wa mtoto na kiasi cha damu iliyopotea vilikuwa vimeandikwa kwa haraka. Katika ukurasa mmoja palikuwa na doa la kahawia lililopita juu ya mistari miwili, nami sikuuliza ni la nini.

Nilichouliza ni kwa nini elimu haikuandikwa. Mama yule alinitazama kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mzazi akiletwa damu zinamtoka, kalamu inasubiri. Akipona tutamwuliza asubuhi. Asipopona, tumwulize nani?"

Nilikaa pale siku tisa nikihesabu. Visanduku vitupu vilikuwa vingi zaidi usiku kuliko mchana, vingi zaidi kwa waliopewa rufaa kutoka vituo vya mbali, vingi zaidi kwa walioletwa bila ndugu, na vilizidi kote huko pale ambapo mtoto au mama alifariki. Hali ileile iliyokuwa ikiua ndiyo iliyokuwa ikifuta. Nilipoondoa mistari ya 99 nilikuwa nimeviondoa vifo, tena nilikuwa nimeviondoa zaidi upande wa wale wasio na kitu, halafu nikakaa mezani kueleza kitaalamu kwa nini pengo lao ni dogo.

Taaluma yetu ina msamiati wa kulizungumzia jambo hili. Mwaka 1976 mwanatakwimu Donald Rubin alichapisha makala yaliyoweka msingi wa namna tunavyozifikiria data zinazokosekana, na kutokana na kazi hiyo tunatofautisha hali tatu. Kuna jibu linalokosekana kwa bahati tupu, kama karatasi iliyopeperushwa na upepo. Kuna linalokosekana kwa sababu zinazoweza kuelezwa na mambo mengine tuliyoyaandika, kwa mfano saa ya kuingia wodini. Na kuna linalokosekana kwa sababu ya jibu lenyewe, kama mtu anayeficha kipato chake kwa kuwa ni kidogo mno. Njia yangu ya kufuta mistari ilifaa kwa hali ya kwanza, nami nilikuwa katika ya pili, na pengine mguu mmoja katika ya tatu. Kwa hali ya pili tunayo mbinu ya kujaza nafasi tupu mara nyingi: kompyuta hukadiria jibu linaloelekea kuwa kweli kutokana na yote yanayojulikana juu ya mtu huyo, ikarudia kazi hiyo mara nyingi kwa makadirio yanayotofautiana, kila nakala ikachambuliwa peke yake, kisha majibu yakaunganishwa kwa namna inayobakiza mashaka yetu badala ya kuyaficha. Kwa hali ya tatu hakuna dawa kamili. Kinachowezekana ni kuuliza matokeo yangekuwaje kama waliokosekana wangekuwa maskini zaidi kuliko tunavyokadiria, na maskini zaidi ya hapo, na kuyaweka majibu yote hadharani.

Nilipofanya hivyo pengo lilipanuka. Sitaweka tarakimu hapa kwa kuwa tasnifu ingali mikononi mwa watahini, lakini lilipanuka vya kutosha kuifanya sura ile ya kwanza isifae hata kurekebishwa. Niliiandika upya kutoka mwanzo.

Hata asili inapokamilika bado kuna uamuzi wa namna ya kulieleza pengo, na ninaona wanafunzi wenzangu wakiupita uamuzi huu haraka mno. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba zamani kundi maskini lilipoteza watoto 100 katika kila 1,000 waliozaliwa, na kundi tajiri 20. Leo maskini wanapoteza 50 na matajiri 8. Ukitoa, tofauti imeshuka kutoka 80 hadi 42, na kiongozi anaweza kusema kweli kwamba pengo limepungua kwa karibu nusu. Ukigawanya, uwiano umepanda kutoka 5 hadi 6.25, na mpinzani wake anaweza kusema kweli kwamba pengo limekua. Msimamo wangu ni kwamba namba zote mbili zichapishwe katika jedwali moja, ya kutoa ikitangulia, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonyesha ni watoto wangapi wangekuwa hai leo kama makundi mawili yangelingana.

Wapo wanaodhani tatizo la wasiohesabiwa ni la madaftari ya karatasi na wodi za usiku tu. Utafiti wa Whitehall ulioanza London mwaka 1967 ulikuwa na kila kitu ambacho mimi sikuwa nacho: watumishi wa serikali zaidi ya 17,000, kila mmoja anajulikana jina, cheo, presha ya damu na idadi ya sigara anazovuta. Hakuna miongoni mwao aliyekuwa fukara, na matibabu ya umma nchini Uingereza yalikuwa bure. Hata hivyo Michael Marmot na wenzake walikuta kwamba watumishi wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo takriban mara tatu ya wale wa ngazi ya juu, na vifo viliongezeka hatua kwa hatua kadiri cheo kilivyoshuka, wala sigara, presha na lehemu kwenye damu havikueleza hata nusu ya tofauti hiyo. Ni miongoni mwa matokeo muhimu kupita yote katika fani yetu, kwa kuwa yalionyesha kwamba pengo la afya halianzii kwenye ufukara peke yake. Lina ngazi, na kila mtu amesimama kwenye kidato fulani. Lakini watumishi wote wale walikuwa wanaume. Wanawake waliingizwa katika utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 na watu 10,308.

Mfano mwingine ninaowasimulia wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni wa karibuni zaidi. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa programu ya kompyuta iliyotumika Marekani kuwachagua wagonjwa wanaostahili uangalizi wa ziada. Programu ile haikuangalia rangi ya mtu. Ilikadiria gharama za matibabu yake ya mbele, kwa dhana kwamba mwenye ugonjwa mwingi ana gharama kubwa. Dhana hiyo inaonekana ya haki mpaka mtu akumbuke kwamba asiyefikiwa na matibabu hana gharama. Wagonjwa weusi waliopewa alama sawa na weupe walikuwa wagonjwa zaidi yao, na watafiti walikadiria kwamba kuondoa upotofu huo kungepandisha sehemu ya watu weusi miongoni mwa wanaopewa msaada kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hapa hapakuwa na 99 hata moja. Kila kisanduku kilijazwa, na kilichojazwa kilikuwa ni kukosa matibabu kulikoandikwa kana kwamba ni afya njema.

Wapo pia wanaokosekana kwa hiari yao, na hao mtafiti mchanga huwalaumu upesi. Katika ripoti nyingi husomeka tu kwamba fulani "alikataa kushiriki". Kati ya mwaka 1932 na 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, pamoja na wengine 201 wasio nayo, ikiwaambia kwamba wanatibiwa huku ikiwaacha bila tiba, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, iliyoweka kanuni za maadili ya utafiti unaohusu watu, na ambayo kila mwanafunzi wa fani hii huisoma kabla ya kugusa dodoso, ilitokana na aibu hiyo. Mtu ambaye jamii yake imewahi kutendewa hivyo, na akafunga mlango aonapo kalamu na karatasi, ana sababu yake. Siku hizi ninapomfundisha mhoji mpya ninamsihi aandike namna mlango ulivyofungwa na maneno aliyoambiwa, kama mwenyewe hakukataza, kwa sababu hizo pia ni data juu ya pengo tunalolichunguza.

Yote haya yana gharama kwa mwanafunzi, na ningekuwa ninaficha nisiposema. Ufadhili una tarehe ya mwisho. Nilipoieleza kamati yangu kwamba ninataka sura nzima juu ya waliokosekana, mjumbe mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishauri niweke aya moja katika sehemu ya mapungufu ya utafiti, kama wafanyavyo wengine, nimalize. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia kilikuwa ukurasa ule wenye doa. Nililipa kwa muhula mmoja zaidi na kwa kazi ya jioni ya kusahihisha mitihani, na bado naona nilifanya sawa.

Kwa utafiti unaofuata tumebadilisha fomu. Kando ya kila kisanduku cha elimu, kazi na makazi sasa kuna kingine kidogo cha kujazwa iwapo cha kwanza kimebaki kitupu, kinachouliza kwa nini. Niliorodhesha sababu nne: hali ya mgonjwa haikuruhusu, hakutaka kujibu, muda haukutosha, haikuulizwa. Kabla ya kuipeleka kwenye kamati ya maadili nilimpelekea rasimu yule mama wa kumbukumbu, nikamwomba aipitie kwa jicho lake. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata kila mstari, kisha akaomba kalamu, na chini ya sababu yangu ya nne akaongeza ya tano kwa mwandiko uleule uliotulia: "Alikuja peke yake."